Punda Mwenyewe

Mchezo ni wa watoto, hata kwenye boksi wameandika hivyo. Kadi zina picha za mifugo: ng'ombe mwenye kope ndefu kama bibi harusi, mbuzi aliyetoa ulimi, kondoo, punda, bata, sungura. Unachagua kadi moja mkononi, unaifudikiza mezani, unamsogezea mwenzako na kumwambia, "Huyu ni kondoo." Yeye aseme kweli au uongo. Akikosea, mnyama anaingia kwenye zizi lake, yaani kadi inakaa wazi mbele yake kila mtu aione. Akipatia, mnyama anakurudia wewe. Wa kwanza kupata wanyama wanne wa aina moja ndiye aliyeshindwa, na adhabu yake ni kulia kama mnyama huyo mpaka wenzake waridhike. Hakuna dau wala ugomvi. Kwa ufupi ni mchezo wa kuwafundisha watoto kudanganya kwa adabu.

Nyumbani kwa Bwana Mikate ulichezwa kila Jumapili, chakula cha mchana kikishaondolewa na kitambaa cha plastiki kufutwa. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa kuwa ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mikate na hurudi nyumbani na unga kwenye nyusi. Ni mtu mkubwa wa mwili, mcheshi, mpenda watu, na katika mchezo wa kudanganya hafai hata kidogo. Kila Jumapili aliyelia ni yeye. Amelia kama punda, amelia kama bata, majirani walishazoea. Alijifariji kwamba anawaachia watoto.

Jumapili hii walikuwa na mgeni, mdogo wa mkewe, mwanamume mwembamba na mpole aliyeoa juzijuzi. Kwa watoto ni Mjomba, kwa Bwana Mikate ni shemeji. Alikuwa akifanya kazi kiwanda hicho hicho, zamu hiyo hiyo, kwenye mashine ya kukandia. Nasema alikuwa kwa sababu alisimamishwa kazi wiki tatu nyuma, na kesho yake asubuhi alitakiwa kwenye kikao cha kuamua kama atarudi au atakwenda zake moja kwa moja.

Kisa kilikuwa chumvi. Chumvi ikishamwagwa kwenye unga huioni tena, nyeupe ndani ya nyeupe, na mashine ile ikinguruma watu hawaelewani mpaka wapayuke. Kwa hiyo pale kiwandani wana desturi yao. Anayetia chumvi hupaza sauti, "Chumvi imeingia!" na mwenzake hujibu, "Nimesikia!" Siku ile Bwana Mikate alitia chumvi huku simu ameibana kati ya sikio na bega, akibishana na rafiki yake mambo ya mpira. Hakupaza sauti. Alisahau, basi. Shemeji yake akaja na kopo, akasimama kusikiliza, hakusikia kitu, akauliza kwa ishara na hakujibiwa, naye akatia yake. Mikate ikatoka mifupi na mizito, yenye chumvi ya kumkunja mtu uso, na gari zima likarudishwa na wenye maduka.

Meneja alipouliza, Bwana Mikate alijikuta anasema kwamba yeye alipaza sauti, tena mara mbili, ila kijana mawazo yake yalikuwa kwingine. Hakupanga kusema hivyo. Lakini alipoona meneja anatikisa kichwa kwa kukubali, alinyamaza, akaacha mambo yaende. Nyumbani akaja na hadithi ya pili, kwamba meneja ndiye aliyemkamia kijana wa watu na yeye alimtetea mpaka mate yakamkauka. Aliyetia chumvi kwenye unga akaitia na kwenye maneno.

Na sasa amekaa meza moja na shemeji yake, wanagawana mifugo.

"Shemeji, sijui hata nikushukuru vipi," alisema mgeni, akipanga kadi zake. "Bila wewe wangenitimua siku ile ile. Ninakwenda kesho nikijua nina mtu wangu mle ndani."

"Acha hayo, bwana. Cheza."

"Nasema kweli."

"Cheza, shemeji, watoto wanangoja."

Watoto walikuwa wawili. Mkubwa ni msichana aliyeitwa Kasuku, na sababu yake utaiona mwenyewe muda si mrefu. Mdogo ni Kitinda, ambaye kadi zake hazikumtosha mkononi na kila mara zilidondoka, kisha akawaomba watu wote wasitazame. Mama yao, fundi cherehani, alikaa upande wa dirisha, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Bwana Mikate alifudikiza kadi, akaisogeza kwa kidole kimoja mpaka mbele ya shemeji yake. "Huyu," alisema, "ni punda mwenyewe."

Shemeji akamtazama usoni. "Kweli."

Kadi ikageuzwa. Bata. Bwana Mikate akapiga makofi kwa furaha ya mtu asiyezoea kushinda.

Zamu ilipozunguka akamsogezea nyingine. "Sasa huyu ni kondoo mwenyewe, na manyoya yake."

"Kweli," alisema shemeji.

Bata tena. Na raundi iliyofuata, bata wa tatu. Mgeni alikuwa amebakiza bata mmoja tu aanze kulia, na Bwana Mikate alikuwa ameshaanza kuringa, ameegemea kiti, anauliza kama kuna mtu anataka masomo ya ziada. Kasuku alikuwa akijizungusha kwenye kiti kama mtu aliyebanwa na haja. Hakuweza tena.

"Mjomba, jamani! Kwani hujui?"

"Sijui nini?"

"Kasuku," mama yake alimwita, kwa sauti ya chini.

Lakini nani amewahi kumzuia Kasuku katikati ya sentensi? "Baba akidanganya anatia 'mwenyewe'. Akisema punda, ni punda kweli. Akisema punda mwenyewe, si punda!"

"Mama ndiye alituambia," Kitinda akaongezea, na kadi zake zikadondoka.

Mgeni alicheka mpaka akafuta macho kwa kiganja. "Shemeji! Kumbe miaka yote hii unatembea na kengele shingoni!"

Bwana Mikate naye akacheka. Angefanya nini? Alicheka kwa sauti kubwa, akapiga meza, akamtishia Kasuku kwamba atamuuza sokoni pamoja na mbuzi. Ndani yake, hata hivyo, alikuwa amerudi nyuma wiki tatu, kwenye meza hii hii, anakula, anaeleza kilichotokea kazini. Alisemaje? Alijua vizuri alivyosema. Alisema meneja mwenyewe ndiye aliyeamua. Akamtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Mkewe alikuwa anapanga kadi zake, na zilikuwa zimeshapangika.

"Haya, nisogezee nyingine," alisema shemeji, amekunja mikono ya shati kabisa. "Sasa nina silaha."

Bwana Mikate akachomoa kadi. Ilikuwa ng'ombe. Alitaka kusema kitu akaona kila neno limekuwa na mtego, kila neno lina watu wamelizunguka wakilisikiliza. "Ng'ombe," alisema.

"Kweli!"

Ng'ombe akarudi kwenye zizi la Bwana Mikate, na meza nzima ikashangilia. Shemeji alinyoosha kiganja ili apigiwe na Kasuku. Bwana Mikate akautazama ule uso kwa hofu, akitafuta dalili kwamba mtu anaanza kuunganisha mambo. Hakuiona. Uso ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Mtu alikuwa amepewa siri yote ya mwenzake, na alikuwa anaitumia kwa bata na punda tu. Haikumpitia akilini kwamba shemeji yake anaweza kumdanganya nje ya mchezo.

Aibu ilimwingia hapo. Haikuwa ile ya kuumbuliwa na watoto, ambayo mtu huicheka ikaisha. Hii ilimfanya asijue aweke wapi mikono yake. Alitamani shemeji amshuku kidogo. Alitamani amtupie hata jicho moja baya.

Raundi ikaisha kwa Kitinda kupata sungura wanne. Ukazuka ubishi mkubwa, maana hakuna aliyejua sungura analiaje. Kasuku alidai adhabu ni adhabu, Mjomba akajitolea kuwa wakili wa mshtakiwa, na mwisho wakakubaliana Kitinda achezeshe pua. Kitinda akachezesha pua kwa moyo wote. Mama yao akasema anakwenda kuweka chai, akaondoka bila kucheka. Bwana Mikate akasema anakwenda kumsaidia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane, na hata Kasuku alilishangaa.

Jikoni mkewe alikuwa amempa mgongo, anajaza maji kwenye birika.

"Hawa watoto wako," alianza Bwana Mikate, akijaribu utani. "Wameniuza mchana kweupe."

Mkewe akafunga bomba. Hakugeuka. "Ulipaza sauti au hukupaza?"

Alijua anaulizwa nini. Angeweza kuuliza sauti gani, na pengine mwanzo wa swali hilo ulifika mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa amechoka kuogopa maneno yake mwenyewe.

"Sikupaza."

"Najua."

"Unajua kwa sababu ya sasa hivi? Ya Kasuku?"

"Nilijua siku ile ile." Aliweka birika motoni, akawasha. "Ulisema meneja mwenyewe kaamua. Halafu ukasema mimi mwenyewe nikamtetea. Zote mbili kwenye tonge moja. Nikakutazama, ukaongeza mboga."

Bwana Mikate akajiegemeza kwenye kabati la vyombo. Alikuja jikoni akiwa amejiandaa kwa kelele, kwa machozi, hata kufukuzwa. Hili hakulitarajia. Kwa wiki tatu amelala kitanda kimoja na mtu anayejua.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Siku ya kwanza, ya pili." Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa makavu. "Halafu nikaanza kungoja usiseme. Nikawaza, akisema watamfukuza yeye, na mimi nina watoto wa shule. Mdogo wangu hana mtoto bado, atapata kazi nyingine. Hivyo ndivyo nilivyowaza, baba Kasuku. Amekuwa akija hapa ukiwa kazini, nampakulia chakula, ananiambia dada niombee. Namwambia nakuombea."

"Basi kosa ni langu, si lako."

"Usinigawie. Langu nalijua."

Maji yalianza kuimba kwenye birika. Kutoka sebuleni kilisikika kicheko cha mdogo wake, kikifuatwa na Kitinda akidai kwamba mbuzi wake ameibiwa.

"Akienda kesho kwenye kikao ataulizwa kama anakubali kosa," alisema mkewe. "Aliniambia. Atakubali, ili wamhurumie."

Bwana Mikate hakungoja chai. Alirudi sebuleni, akakaa kwenye kiti chake, kisha akasimama, maana aliona hili si jambo la kusemwa na mtu aliyekaa akastarehe. Watoto walikuwa wanagawa kadi upya. Alifikiri kuwatoa nje. Halafu akafikiri, kama waliweza kuusikia uongo mezani hapa, na ukweli wausikie hapa hapa.

"Shemeji, siku ile ya chumvi sikupaza sauti."

Mgeni akainua kichwa, bado ana tabasamu. Alimtazama Kasuku, akamtazama Bwana Mikate, akakonyeza. "Uongo!" alisema. "Hapana, ngoja. Hujatia 'mwenyewe'. Kweli!"

Kasuku akacheka. Hakucheka mtu mwingine.

"Sichezi. Nilikuwa kwenye simu. Nilitia chumvi nikasahau kupaza sauti, ukaja ukatia na wewe. Hukukosea kitu. Meneja aliponiuliza, nilimwambia nilipaza sauti mara mbili. Sikukutetea hata kwa neno moja. Ni mimi niliyekusingizia."

Tabasamu la shemeji lilikaa pale pale muda mrefu kuliko lilivyotakiwa, kama kitu alichosahau kukiondoa. Aliziweka kadi zake chini taratibu, zimefudikizwa, kana kwamba wataendelea.

"Lakini nilikusikia," alisema.

"Hukunisikia. Hakukuwa na cha kusikia."

"Nilikusikia, shemeji." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asahihishwe polepole. "Siku ya kwanza nilikuwa na hakika sikusikia. Nilimwambia mke wangu, sikusikia kitu. Halafu nikawaza, shemeji hawezi kusema uongo, basi labda masikio yangu. Nimelifikiria hilo jambo, we acha tu. Mpaka nikaanza kukusikia. Naiona mpaka mashine inavyozunguka, nakusikia unaita, na mimi napuuza. Nimeshamwambia mama. Nimemwambia mke wangu kwamba nilisikia nikapuuza, na kwamba aliolewa na mtu mzembe. Analia."

Bwana Mikate alikuwa amejiandaa kwa matusi na hakupewa. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ilikaa imara, na vigae vyake, na kadi ya sungura iliyodondoka chini ya kiti cha Kitinda. Hakuwa amechukua kazi ya mtu tu. Alikuwa ameingia kichwani mwake akapanga upya vitu, na mwenye nyumba akamshukuru.

"Samahani," alisema. Hata yeye alilisikia neno hilo jinsi lilivyo dogo.

"Piga simu kwa meneja," alisema shemeji. Hakupandisha sauti. "Sasa hivi. Nisikie."

Bwana Mikate akatoa simu, akaiweka mezani katikati ya mazizi, akawasha sauti ya nje. Meneja alipokea akitafuna. Bwana Mikate akaeleza yote tangu mwanzo, kinagaubaga, bila kutia wala kupunguza, na meneja akaacha kutafuna. Kisha meneja akasema kwamba kesho kijana asisumbuke na kikao, aje na nguo zake za kazi. Bwana Mikate aje yeye kwenye kikao. Simu ikakatwa bila kwaheri.

Kasuku alikuwa amefunga mdomo, jambo lililomwogopesha baba yake kuliko simu. Kitinda alitaka kujua kama wameshinda.

Shemeji alivuta pumzi, akaitoa. Kitu kilionekana kumlegea mabegani. Alimtazama Bwana Mikate kwa muda, na katika ule mtazamo hakukuwa na chuki, ila uchovu wa mtu aliyerudishiwa mzigo wake mwenyewe akakuta ni mwepesi.

"Dada anajua haya?" aliuliza.

Hapo Bwana Mikate alifanya jambo ambalo katika Jumapili zote hizo hakuwahi kuliweza. Alimtazama mtu machoni, uso umetulia, na akasema kwa neno moja tupu, bila pambo.

"Hajui."

Na shemeji yake akaamini. Ilionekana wazi alivyoamini, jinsi uso ulivyopata nafuu.

"Najua," alisema mkewe.

Alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu saa ngapi. "Nimejua tangu siku aliyorudi akaeleza. Huyu ananisitiri tu."

Mdogo wake aligeuka akamtazama. Mkewe Bwana Mikate akaingia, akaanza kugawa chai, akamwekea mdogo wake kikombe mbele yake, akakisogeza karibu zaidi, akakigeuza mshikio uelekee mkono wake wa kulia kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo.

Walikaa. Kitinda peke yake ndiye aliyekunywa, akipuliza kwa kelele. Baada ya muda shemeji alisimama, akavaa viatu mlangoni. Bwana Mikate alimfuata hajui aseme nini, na shemeji akampa mkono. Haukuwa mkono wa urafiki, lakini aliutoa, na Bwana Mikate akaupokea kwa aibu, maana aliona kuna mtu mwingine nyumba hii aliyestahili kuupata kabla yake.

Mtu huyo alikuwa amesimama kando ya meza, akimtazama mdogo wake, anangoja.

Shemeji akainama, akawashika watoto vichwa mmoja mmoja. "Haya, wajomba, nakwenda," aliwaambia. "Mwambieni mama yenu asante, chai ilikuwa nzuri."

Akatoka. Kasuku, mtoto wa kupeleka maneno, akageuka kwa mama yake ili ampe salamu zake, akamtazama, akanyamaza. Kikombe cha Mjomba kilikuwa mezani, kimejaa mpaka juu.